Mkono wa Rosemery

Mama Omega, nimetoka shule sasa hivi.

Unajua mjukuu wangu Rosemery anatumia kushoto. Wiki mbili nimemfundisha herufi e, anaichora kwa kidole kwenye ungo wenye pumba za mpunga. Ule mkono wa kushoto namfunga kiunoni kwa kipande cha kanga. Taratibu tu, sijamchapa hata siku moja. Si ndivyo tulivyofundishwa sisi?

Leo nimemfuata darasani. Nikamkuta ubaoni, chaki iko kushoto, e imekaa vizuri kama ya kitabuni. Watoto wote wanampigia makofi.

Akaniona mlangoni. Chaki ikamdondoka. Akaficha mkono mgongoni, akasema mbele ya wote, "Bibi, usinifunge."

Usinifunge! Mama Omega, mimi naambiwa hivyo. Mimi!

Mwalimu akanijia, sauti ya chini. "Shikamoo bibi. Kwani huwa unamfunga?" Nikachukua begi la Rosemery, tukaondoka.

Tulipofika barabarani nikamnyooshea mkono tuvuke. Akakataa. Akaibana mikono yake yote miwili kwapani, bodaboda zinapita, akavuka mwenyewe. Ana miaka mitano tu.