Abiria wa Kiti cha Mbele

Kwako Kaka,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe, wifi, na watoto ambao shangazi yao nimewakumbuka mpaka nawaota. Natumaini barua hii itawakuta wazima nyote. Vipi jino la wifi, limeng'olewa au bado analibembeleza? Mimi huku sijambo. Mashine ya kushona inanguruma kutwa, mapazia ya watu yamenijaa mpaka shingoni, na mgongo ndio huo, unalalamika ila unafanya kazi.

Najua utashangaa kuona barua wakati simu ninayo. Simu nimeikwepa makusudi. Nikikupigia utanikatiza kabla sijameza mate, utaniita mwoga, utacheka kile kicheko chako, na mambo yataishia hapo. Barua haikatizwi. Kwa hiyo kaa chini usome mpaka mwisho, ndipo unitukane kama hamu itakuwa bado ipo.

Najua pia unachosubiri. Unasubiri nikwambie kwamba Mama yuko kwangu, mizigo yake imefungwa, na kwamba nitamleta kwako akae nawe moja kwa moja kama tulivyokubaliana. Hayupo kwangu, Kaka. Nilikwenda kumchukua nikarudi peke yangu. Nitakueleza yote, ila ili unielewe lazima nianze na gari.

Gari umeliona kwenye picha: lile dogo jeupe lililokatwa mkia, lenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu. Hapa mtaani wamelibatiza Kidonge. Wewe ulisema nimenunua kiatu chenye injini. Sawa, lakini kwa kazi yangu sijalijutia. Mafuta linaonja, halinywi. Linageuka kwenye kichochoro ambacho hata mkokoteni hurudi kinyumenyume. Nikilaza viti vya nyuma, fimbo za mapazia na majora ya vitambaa vyote vinaingia, na siku hizi simbembelezi tena mwenye pikapu. Kasoro zake za kawaida nilizijua tangu mwanzo. Liko chini mno, matuta linayasalimia kwa tumbo, na kioo cha mlango wa abiria hakishuki mpaka ukisukume kwa kiganja.

Kasoro nisiyoijua ilikuwa kengele. Unajua magari haya, mtu akikaa kiti cha mbele bila kufunga mkanda, taa nyekundu inawaka na kengele inalia mpaka akome ubishi. La kwangu lililia kiti kikiwa kitupu. Mwanzoni nilidhani ni mkoba wangu, maana mkoba wangu nao una uzito wa mtoto wa darasa la kwanza. Nikautupa nyuma. Kengele ikaendelea. Nikapigapiga kiti, nikakivuta mbele, nikakirudisha, wapi! Siku moja kwa hasira nikauvuta mkanda wa abiria nikaupachika juu ya hewa, na papo hapo ikanyamaza. Tangu hapo ikawa ndiyo desturi yangu, kila nikitoka namfunga mkanda mtu asiyekuwepo. Jirani yangu muuza mkaa aliniona, akaeneza mtaani kwamba nina mume jini na naogopa asidondoke njiani.

Nililipeleka kwa fundi umeme wa magari, yule tunayemwita Nyaya. Akainua zulia, akaonyesha waya unaopita chini ya kiti, akauchomoa na kuufunga utepe, akanihakikishia kwamba sasa hata tembo akikaa hapo gari halitajua. Sikufika mbali, kengele hiyo. Nikarudi nimefura. Akaukata waya kabisa, akaingia upande wa dereva, akawasha gari, na vile vipande viwili vya waya amevishika mkononi. Taa ikawaka, kengele ikalia. Alivitazama vile vipande, akavilaza chini taratibu, akashuka. Akaniambia kwamba yeye hutengeneza magari, hatengenezi abiria. Mimi nilicheka, nikidhani ni utani wa gereji. Yeye hakucheka, na ujira wake alikataa kuupokea.

Nitakuficha nini, Kaka, niliogopa. Halafu nikazoea, maana kazi haingoji. Mteja wangu mmoja, mwalimu, alipanda mbele kuja kunionyesha madirisha ya nyumba yake, na kabla hatujafika kona akaniomba ahamie nyuma. Alisema kiti kina joto kama mtu kainuka sasa hivi. Nikamwambia ni jua. Siku hiyo kulikuwa na mawingu tangu asubuhi. Na mimi mwenyewe, nikifunga breki ghafla, nilianza kujikuta nasema samahani, na siyo kwa watu wa barabarani.

Sasa tuje kwa Mama. Uliniagiza nimwambie kwamba tunakwenda kwako kutembea tu, wiki moja, kisha nitamrudisha. Ulisema akishafika atazoea, na kwamba ukweli tutamwambia polepole. Nilikubali. Tangu ateleze bafuni akalala sakafuni mpaka jirani alipopita, hata mimi silali vizuri. Kila simu ikilia moyo unaruka. Sikulaumu kwa kutaka kumhamisha, na hilo ulijue kabla hujaendelea.

Nilifika kwake jua halijawa kali. Alikuwa barazani anakunja nguo. Macho yake unayajua, ule mtoto wa jicho umemfanya awaone watu kama vivuli, na daktari wa macho bado anatupiga kalenda. Nikampa shikamoo, akaniitikia, akanikumbatia, akanipapasa mbavu akilalamika kwamba nimekonda. Kisha akanipita, akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa abiria, akainama kwenye kioo. Kaka, Mama alinigombeza kama mtoto. Aliniuliza nimelelewa wapi, nimwache mtu mzima ndani ya gari, nimemfunga kama furushi, na jua linampiga.

Nikamwambia hakuna mtu. Hakunisikiliza. Akafungua mlango, akaupapasa mkanda mpaka akakipata kitufe, akaufungua, akamkaribisha mwenzake ndani. Akanyoosha mkono. Alisubiri vile unavyomsubiri mzee anayeshuka, mguu mmoja, kisha mwingine. Halafu akatembea naye kuelekea ndani, polepole, kiwiko amekikunja kama ameshikwa. Haki ya Mungu nilicheka. Nilijiambia macho yamemwisha maskini, na nikazidi kuona una haki ya kumtaka kwako.

Ndani akavuta kile kiti cha Baba. Unakikumbuka kiti cha Baba, tangu marehemu atuache hakuna aliyeruhusiwa kukikalia, hata wewe mtoto wa kwanza ulifukuzwa. Akakisogeza dirishani, akaweka mto, akanikataza nisikisogelee. Mimi nikaingia chumbani kupanga nguo zake kwenye begi. Nilipotoka nikamwambia yale uliyonituma, kwamba tunakwenda kutembea wiki moja tu. Nilisema huku nimeinamia zipu ya begi.

Mama aligeuza uso upande wa kiti, akatulia, akatikisa kichwa kidogokidogo kama mtu anayemsikiliza mwenye sauti ndogo. Kisha akasema kwamba mwenzake naye aliambiwa hivyohivyo, wiki moja tu, tena na mtoto wake wa kumzaa. Alisema mwenzake aliondoka ameziacha nguo zimelowekwa kwenye beseni chini ya bomba, kwa kuwa alijua atarudi kuzisuuza. Halafu akaniuliza mimi, kwa upole kabisa, zile nguo alizisuuza nani.

Unanijua, mimi nikiogopa nakuwa mkali. Nikamwambia anatunga hadithi ili asisafiri. Akasema hatungi hadithi na hasafiri. Akanipikia chai, nikanywa, na muda wote nikawa nauangalia ule mto wa kwenye kiti cha Baba. Ulikuwa umebonyea katikati.

Niliondoka jioni haijaanza. Niliwasha gari nikanyoosha mkono kufunga mkanda kama kawaida, nikasita, nikauacha. Kengele haikulia. Nikapita matuta yote, haikulia. Nikafika mjini, nikaingia foleni, nikatoka foleni, kimya. Kengele niliyoitukana miezi yote, siku hiyo niliitamani ilie, Kaka. Nilipiga kiti ngumi ili ilie. Nikalia mimi.

Kulipokucha nikaenda kwa yule bwana aliyeniuzia gari. Ni mfamasia, mtu mpole, namdai samahani tangu siku ya mauzo kwa sababu ufunguo wa akiba hajawahi kunipa. Nikajifanya nimefuata ufunguo. Akaupata mara moja kwenye droo, nikaelewa kwamba haukupotea hata siku moja, ni yeye aliyekuwa hataki kukutana nami. Nikamuuliza ni nani aliyekuwa akikaa kiti cha mbele. Alikwenda kuufunga mlango wa duka kwanza.

Alinieleza kwamba mama yake alikuwa akiishi peke yake, akaanguka, naye akaamua kumchukua akae kwake. Mama huyo hakutaka. Kwa hiyo akamwambia wanakwenda kutembea tu, wiki moja. Njiani alikuwa akizungumza vizuri, akausifu hata mji, kisha akasinzia. Walipofika getini akamfungulia mkanda, na mama yake akamwangukia begani. Alikuwa ameshakata roho zamani, mkanda ndio uliomshikilia wima. Baada ya maziko akaenda kufunga ile nyumba, akakuta beseni la nguo chini ya bomba, maji yameota ukungu. Alizisuuza mwenyewe, moja moja, akazianika. Hajawahi kumwambia mtu, hata mkewe. Na mimi, Kaka, sikuwa nimemtajia beseni wala nguo. Nilikuwa nimeuliza kiti tu.

Nilimweleza alipo mama yake sasa. Hakubisha. Aliniuliza kitu kimoja, kama bado ana hasira. Nikamwambia aje akamuulize mwenyewe.

Sasa nikwambie lile ambalo nimekuwa nikilizunguka tangu ukurasa wa kwanza. Nilirudi kwa Mama. Nilimwambia kila kitu: kwamba ile wiki moja ilikuwa uongo, kwamba mimi na wewe tulipanga asirudi tena nyumbani kwake, na kwamba nikishindwa mimi utakuja mwenyewe mwisho wa mwezi. Nilipiga magoti kama nilipovunja sahani za harusi yake. Alinisikiliza, akaniambia alikuwa anajua tangu nilipoinamia ile zipu. Akainuka kwenda kuninawisha uso, na kanga ikamshuka begani, nikaona mkono wake wa juu una alama. Ni vidole, Kaka, vinne upande mmoja na gumba upande wa pili. Nikamuuliza kwa ukali nani kamshika. Akasema juzi aliteleza tena pale pale bafuni, na safari hii hakufika chini, mwenzake alimdaka. Alisema hivyo kama unavyosema jirani kakuazima chumvi.

Kwa hiyo simleti. Sitamfunga Mama mkanda kwenye kiti kile kwa maneno ya uongo, hata ukininunia mpaka kiama. Jumamosi nitampeleka yule mfamasia akamwombe mama yake radhi. Ameniomba akae kiti cha nyuma. Wewe nawe njoo, sikukatazi, Mama ni wetu sote. Lakini usije na wiki moja yako. Njoo umwambie unachokiogopa, umwulize anachokitaka, na akisema hapana tukae tufikirie namna ya kumtunza hapohapo. Naogopa, Kaka. Sijui kama ninachokiogopa ni huyo aliye kwenye kiti cha Baba au ni sisi.

Nisalimie wifi, mwambie pazia la sebuleni nimelimaliza, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Mama anakusalimu sana. Anasema chumba chako kipo na shuka amekwishatandika, ila utakachosema ukifika kiwe kweli, maana mtakuwa watatu sebuleni. Anasema yeye atakusamehe hata ukimdanganya, kwa kuwa alikuzaa. Mwenzake hakukuzaa.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba