Walisema Ni Wageni Wangu

Jumapili, mwezi wa tatu. Singida mjini.

Mvua ilinyesha tangu alfajiri, ikakatika saa nne, mchana ikarudi tena kama mtu aliyesahau kitu. Viatu vyangu viko nje ya mlango, vimejaa udongo mweusi wa mbugani, na sina nguvu ya kuvisugua. Nguo za wateja zimelundikana mezani. Cherehani nimeifunika kitenge ili isinitazame.

Nina hasira. Naandika hivyo hivyo, maana nikianza kupamba nitadanganya. Nina hasira na rafiki yangu Zaituni, na nina aibu mbele ya mama mmoja ambaye hakunikosea chochote. Katikati ya hayo mawili sijui nijiweke wapi.

Kwa anayesoma hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Mwankoko. Miaka michache iliyopita miguu ilianza kunivimba kwa kukaa kutwa nzima, daktari akaniambia nitembee. Nikaanza kutembea kando ya Ziwa Singidani kila Jumamosi asubuhi, peke yangu, nikiona haya hata kuvaa raba. Zaituni ana saluni mlango wa pili kutoka kwangu. Aliniona nikipita akaniuliza kama nimeitwa jeshini. Jumamosi iliyofuata alikuja amevaa raba zake.

Tangu hapo tumezunguka maji yote ya huku tuliyoweza kuyafikia. Singidani, kwenye yale mawe makubwa. Kindai, juu ya ukoko mweupe wa magadi, tukihesabu heroe, wale ndege wekundu wa miguu mirefu, mpaka tunagombana nani kakosea. Mara moja tulifika hadi Kitangiri, tukarudi kutoka Shelui juu ya magunia ya alizeti kwenye lori kwa sababu basi lilituacha, na Zaituni akaimba njia nzima, sauti mbaya kweli kweli. Mama yangu alipofariki, Zaituni alifunga saluni juma zima akahamia jikoni kwetu. Mtu wa namna hiyo humwekei mlinzi.

Sasa nieleze kuhusu lambo, bwawa dogo la maji ya mvua.

Mwaka jana alikuja kibandani mama mmoja kutoka upande wa Mungaa, kushonesha gauni la sendofu, sherehe ya kumuaga binti yake anayeolewa. Nitamwita Mama Elibariki, kitongoji sitakitaja. Wakati nampima, akaona picha za heroe nilizobandika ukutani, akacheka. Akasema hao ni wazuri kuwatazama tu, kwake kuna korongo wenye taji, wanakuja kila masika kutaga lamboni, na ukiwaona wanavyorukaruka wakichezeana utasahau hao wekundu wako. Ana mdomo huyo mama. Nilimpenda palepale.

Nikaenda. Lambo lenyewe si kubwa. Babu za mume wake walilichimba kwa majembe mwaka wa njaa, na tuta la udongo walioutoa bado lipo, limeota nyasi, ndipo wanawake wa pale wanapokaa kusuka mikeka. Upande mmoja kuna matete mengi, na ndani ya matete korongo hukanyaga majani mpaka yanakuwa kama godoro, wakataga juu yake. Tangu siku dume na jike wanapoanza kulalia mayai, watu wa ile kaya wanapeleka ng'ombe kunywa kwingine, mbali, hadi vifaranga watembee. Hakuna aliyewaandikia sheria. Ndivyo wanavyoishi.

Wana utaratibu mwingine pia, na huu ndio ulioniponza. Yeyote anayetaka kushuka lamboni anapita kwanza kwenye boma la Mama Elibariki, na anaulizwa swali moja: wewe ni mgeni wa nani? Ukiwa huna wa kumtaja, unapewa togwa, unakunywa, unashukuru, unarudi ulikotoka. Ukimtaja mtu anayejulikana, unafunguliwa njia. Ila mtu huyo ndiye anayebeba mzigo wako. Ukikosea, hukemewi wewe. Anaitwa yeye. Na anayeleta mgeni anatakiwa aje naye mwenyewe, kila mara, mpaka wenyeji wamzoee sura.

Mimi niliingia kwa jina la binti yake, yule wa sendofu, na aliongozana nami mara zote alizotakiwa. Baadaye Mama Elibariki akaniambia sasa jina langu linatosha. Nilijisikia mtu wa maana sana siku hiyo. Nilirudi nyumbani nikitabasamu peke yangu barabarani.

Halafu nikampeleka Zaituni. Mara moja tu.

Mwezi wa kwanza alitaka kwenda tena, nami nilikuwa nimezama kwenye sare za shule, sketi za bluu zimenifika shingoni. Nikamwambia, nenda tu mwenyewe, wakikuuliza taja jina langu. Nilisema hivyo huku nimeuma pini mdomoni. Sikuinua hata macho.

Hilo ni kosa langu na sitalisukumia mtu.

Jumatano iliyopita nikaona picha kwenye status ya Zaituni. Watu wengi, miwani ya jua, spika, nyama kwenye jiko la mkaa juu ya tuta lile lile la kusukia mikeka. Ameandika kwamba ameanzisha matembezi ya wikiendi kwa wanaotaka kuijua Singida iliyofichika. Nikasogeza picha inayofuata, nikaona kiganja kimeshika yai. Yai kubwa, bluu iliyopauka. Vidole vilikuwa na kucha ndefu za bandia, za rangi ya machungwa, na mimi najua kucha hizo zimebandikwa saluni gani.

Siku tatu sikumuuliza. Niliogopa jibu. Leo nimepanda bodaboda kwenda kwa Mama Elibariki, mvua ikiwa bado haijakatika vizuri.

Nilimkuta chini ya paa la jiko anapepeta mtama. Nikapiga goti, shikamoo mama. Akasema marahaba, akaendelea kupepeta. Kwa kawaida huwa ananitania kwanza kuhusu miguu yangu. Leo hakunitania. Nilisimama pale maji yakinichuruzika mgongoni mpaka alipoweka ungo chini.

"Wageni wako walikuja Jumapili iliyopita," akasema. "Gari mbili. Nikawauliza ni wageni wa nani, wakasema wa Fundi. Nikawafungulia."

Nikamwambia sikuwatuma.

"Yule mwenzako alikuwa mbele yao. Nikamuuliza, Fundi mwenyewe yuko wapi? Akasema anakuja nyuma, pikipiki imeharibika njiani."

Jina langu lingeweza kutajwa kwa haraka, kwa mazoea, bila ubaya. Lakini pikipiki iliyoharibika ni kitu alichokitunga. Alijua swali litakuja, alijua jibu la kweli lingewarudisha, akanitengenezea safari na pikipiki yake.

Mama Elibariki alisema aliwachemshia viazi. Alidhani ni ndugu zangu. Walipowasha spika aliwavumilia. Walipoanza kuingia kwenye matete alisimama pale tutani akawaangalia, na hakuwakemea, kwa sababu kwao mgeni wa mtu anakemewa na aliyemleta. Alikuwa ananisubiri mimi. Akaniambia aligeuka mara ngapi sijui kutazama njiani kama naja.

"Nikasema Fundi akifika atawatoa."

Sijawahi kusemewa neno lililoniumiza kama hilo, na hakulisema kwa ukali. Alikuwa ananieleza tu jinsi siku ilivyokwenda.

Tukashuka lamboni, yeye mbele. Matete yamevunjwa njia pana, ng'ombe wangeweza kupita wawili sambamba. Kiota kimezama upande mmoja. Yai moja waliondoka nalo. La pili lilikuwa bado pale, nusu ndani ya maji, na halikuhitaji kuguswa kujua kwamba limepoa. Mama Elibariki alisema dume na jike walisimama ng'ambo siku mbili, wakilia, hawakusogea. Siku ya tatu hawakuonekana. Aliniambia hawa wawili anawafahamu, jike ana ukucha mmoja uliokatika, na huu ni msimu wa sita wanakuja.

Nilitaka kulia mbele yake nikajizuia, kwa sababu niliona ningekuwa nataka anibembeleze.

Nikamuuliza nifanye nini. Nilijitolea kuleta vijana wa kupanda matete, kuongea na mwenyekiti wa kitongoji, chochote. Akatikisa kichwa. Akasema matete yanajiotea.

"Wewe usije, mwanangu. Usije mpaka korongo warudi."

Alisema mwanangu. Sijui kama ilikuwa huruma au mazoea ya mdomo.

Nilipofika barabara kuu nikampigia Zaituni, nimesimama kwenye kibanda cha bodaboda, sijali nani ananisikia. Alipokea kwa furaha, saluni imejaa, nasikia mashine za kukaushia nywele. Nikamwambia nimetoka wapi. Akasema, "Si wewe ulisema nitaje jina lako?"

Nikamuuliza kuhusu pikipiki.

"Jamani Fundi, ni maneno tu ya kupitia. Na ndege si watataga jingine? Wewe tatizo lako unataka vitu vizuri viwe vyako peke yako."

Nikakata simu. Nilikata kwa sababu kipande cha mwisho kilikuwa na ukweli ndani yake, na nilichukia kwamba ametumia ukweli kujifunikia. Ndiyo, nilipenda kuwa mtu ambaye jina lake linafungua njia. Ndiyo, nilipoandika hapa kuhusu lile lambo bila kutaja mahali, nilifurahia mlivyonibembeleza niwaambie liko wapi. Nilijiona mwenyeji. Mwenyeji gani anagawa jina lake akiwa ameuma pini?

Lakini sikudanganya mtu. Na sikusimama tutani nikila viazi vya mama wa watu huku najua anamsubiri mtu ambaye haji.

Jioni hii Zaituni ametuma ujumbe. Anauliza kama Jumamosi tunaenda Kindai, eti heroe wamejaa. Kaweka na alama ya kicheko. Nimeusoma mara nyingi kuliko ilivyostahili. Kuna sehemu yangu, naionea aibu, iliyoanza kuwaza raba ziko wapi. Miaka yote hii Jumamosi zangu ni zake. Sina rafiki mwingine wa kutembea naye, na miguu hii itavimba tena nikikaa.

Sijamjibu. Sitakwenda naye Kindai, wala Singidani, wala popote penye maji. Siku nikimsamehe, kama nitamsamehe, itakuwa saluni kwake, tumekaa kwenye viti, mbali na kila kitu chenye mbawa.

Yale niliyoandika mwaka jana kuhusu lambo nimeyafuta. Msiniulize yalikuwa na nini.

Kinachoninyima raha sasa hivi, mvua ikigonga bati, ni maneno ya Mama Elibariki. Nisiende mpaka korongo warudi. Nimeyakubali, ni haki yake kabisa, na amenihukumu kwa upole zaidi ya ambavyo ningejihukumu mwenyewe. Ila nimeyageuza kichwani tangu mchana na bado sioni pa kutokea. Ili nijue wamerudi lazima nifike pale, na pale sitakiwi kukanyaga. Wa kuniambia ni yeye peke yake.

Masika ya mwakani yakianza, wale wawili wakatua tena kwenye matete, je, atataka nijue?