Dawa Yangu Imeingia Jela

Durban, Juni 1998

Dada yangu Riziki,

Hali gani hapo Lubumbashi? Mguu wa Mama bado unamsumbua? Mimi, ukiacha baridi ya sakafu ya jela, ni mzima. Safari hii naandika nikicheka, kwa hiyo kaa chini usome taratibu.

Waliponifunga kwa ile redio ya wizi niliyouziwa sokoni, waliniweka upande wa wanaume kwa kuwa hati zangu bado zinaniita mwanamume, na zile dawa za homoni alizoniandikia daktari zikabaki chumbani kwangu Berea. Mimi mtoto wa Kongo sikuuliza kitu. Si kwetu hospitali ni ya serikali lakini dawa ni ya ndugu? Asiye na wa kumletea anakufa akitazama dari. Basi nikamwomba Zawadi, Mkongo mwenzetu na rafiki yangu wa saluni, aniletee. Askari wakamrudisha getini: dawa za nje haziingii. Nikaona ndiyo basi. Miezi ikapita, ndevu zikarudi, na mimi nikaanza kuuchukia mwili wangu. Dada, kuna siku sikutaka hata kuamka.

Kumbe Zawadi hakulala. Alitafuta wakili, mama mmoja wa huku, kisha akaja kunitembelea akipiga kelele mpaka askari wakageuka.

"Ma chérie, tulikuwa bajinga! Ni bo, ba jela, banapashwa kukupatia dawa. Iko mu sheria kubwa ya inchi!"

"Hata mufungwa?"

"Hata mufungwa. Hata weye, vile uko."

Wakili aliwaandikia wakuu wa jela kwamba, kwa katiba, matibabu ya mfungwa ni mzigo wa serikali, na kwamba dawa hii ni matibabu yangu, si urembo. Walivutana sana. Jumatatu nesi akaniita, akanipa kidonge na maji. Nilikimeza mbele yake nikalia kama mtoto. Bado niko upande wa wanaume, na hilo wakili analipigania, lakini moyo wangu umetulia.

Nisalimie Mama, akiendelea kunitaja kwa jina la zamani usigombane naye, atazoea. Msalimie shemeji, mumeo, na shangazi yetu wa Kipushi anayeniombea.

Umeniandikia kwamba unataka kuuza cherehani uninunulie dawa. Usithubutu! Nishonee gauni la kuvaa siku nitakayotoka. Kata kwa vipimo vyako, ila kifuani usipunguze, dawa imerudi kazini.

Mdogo wako wa kike,
Neema