Maji Uliyochota Yalikuwa ya Kweli

Lubumbashi, Jumapili baada ya misa

Yaya Bahati, kaka yangu,

Nakusalimu wewe, mama na wote wa nyumbani Uvira. Mama anaendeleaje na magoti? Ndagala wanapatikana ziwani? Mimi ni mzima wa mwili, ila nina aibu kubwa. Naandika kwa sababu hupokei simu yangu, na una haki.

Unakumbuka profesa wetu alitaka kujua yale maji ya moto yenye chumvi, yanayotoka chini ya ziwa na kuacha madini kwenye mawe, asili yake ni wapi. Wewe ukapiga mbizi, ukayachota, ukaungua mkono. Hapa labo, kwenye maabara ya chuo, tunapima uzito wa maji. Jua hunyonya kwanza yaliyo mepesi, kwa hiyo maji ya ziwa ni mazito kuliko mvua ya milimani. Mimi nilishaandika katika memwari yangu ya kumaliza chuo kwamba maji yale ni mvua ya milima ya Rurambo iliyozama ardhini. Mashine ikaonyesha uzito wa ziwa. Nikakupigia simu, watoto wako wakisikia: "Ulichanganya na maji ya ziwa, ukanidanganya!"

Ukajibu, "Amani, minye nilichota mule mwenye kuchemka. Weye unanijua."

Nikakata simu. Kesho yake nikamwambia profesa kwamba kaka yangu hakusoma, alifanya uvivu. Chupa zako zikatupwa, jina lako likafutwa kwenye ripoti.

Mwezi uliopita profesa alikwenda huko mwenyewe na wapiga mbizi wake. Maji waliyoleta yana uzito uleule.

"Ni ziwa lenyewe," akatuambia darasani. "Linashuka kwenye nyufa, linapata moto na chumvi, linabeba madini, linapanda tena. Aliyeniambia chupa za kwanza ni za uongo asimame."

Nikasimama. "Ni mimi. Kaka alisema kweli."

Jina lako limerudishwa, lakini hilo halinitulizi. Profesa alihitaji mashine ili akuamini. Mimi nilikuwa na neno lako.

Mitihani ikiisha nakuja. Nitasema mbele ya watoto wako kwamba baba yao hakudanganya. Ukinifukuza baada ya hapo, nitaondoka.

Nisalimie mama, shemeji, na shangazi yetu wa Sange. Na watoto pia, kama bado wanazitaka salamu zangu.

Mdogo wako ambaye hakukuamini,
Amani