Dakika Ishirini Bila Kushauri

Jumatatu, 3 Machi

Goti tena. La kulia. Daktari amelipigapiga kwa kinyundo chake, akauliza nafanya kazi gani. Mwalimu wa udereva, nikamwambia, mwaka wa kumi na tisa. Nakaa upande wa abiria, na miguuni pangu kuna breki yangu mwenyewe. Akataka kujua naikanyaga mara ngapi kwa siku. Nikacheka. Yeye hakucheka. Amesema nitafute kazi isiyotumia mguu.

Nimeshaipata! Fomu iko humu ndani ya daftari. Kozi ya ushauri nasaha, mwaka mmoja na nusu, masomo jioni na Jumamosi. Nafasi kumi na mbili tu. Swali la tatu linauliza kwa nini nadhani nafaa. Wameacha mistari mitano. Nimejaza mitano, nikajaza pembeni, nikahamia nyuma ya karatasi. Maana nani anafaa kuliko mimi? Mtu akishika usukani mara ya kwanza roho iko mkononi, na siri zote zinamwagika. Nimeambiwa talaka kwenye mzunguko. Nimeambiwa mimba kwenye taa nyekundu. Na hakuna hata mmoja aliyeshuka garini bila ushauri wangu.

Nilimwambia mke wangu akiwa anavua viatu vya wodini. Yeye ni mkunga, siku nzima watu wanamlilia. Akaniangalia. "Wewe? Umsikilize nani?" Nikaanza kumweleza. Nilipomaliza utangulizi alikuwa ameshaingia kuoga.

Jumatano, 5 Machi

Chai na Kitinda. Ndiye wa mwisho wetu, ana miaka ishirini na mitatu, yuko duka la dawa, kaka zake wameshahama. Akasema, "Baba, hivi ukiwa…" Nikajua ni mambo ya kazini, nikamwambia mapema ndiyo best, asubuhi watu hawajachoka, aende akamwone bosi wake saa mbili kamili, nguo iwe ya heshima. Akanywa chai. Akasema alitaka tu kuuliza kama nitatumia bafu sasa hivi.

Sawa. Lakini kuhusu bosi, ushauri ule ni mzuri, atauhitaji siku moja.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya kwanza ya majaribio. Waombaji ishirini na tisa, feni moja. Mwalimu ni mama mfupi mwenye sauti ya chini, lazima uinamie mbele ndiyo umsikie. Kabla hata hajajitambulisha ameandika ubaoni: MSHAURI NASAHA HASHAURI.

Nikanyoosha mkono. Lazima! Nikasimama nikasema: mwalimu, samahani, ushauri ni ushauri. Nasaha nayo ni ushauri. Kwa hiyo mshauri nasaha ni mshauri mara mbili. Iweje akatazwe hata mara moja? Darasa likacheka. Nikajisikia vizuri.

Mwalimu hakubisha. Akasema, "Enhe…"

Akatulia.

Basi nikaendelea. Nikaeleza kuhusu kazi yangu. Akatulia. Nikaeleza kwamba mtu akikosea unamwambia palepale, hungoji agonge. Enhe, akasema. Nikasema hata mimi nilifundishwa hivyo, baba yangu alikuwa fundi seremala, ukishika randa vibaya anakupokonya. "Anakupokonya," akasema mwalimu. Nikasema ndiyo, anamalizia mwenyewe. Mpaka amefariki sijawahi kutengeneza kiti kikaisha mikononi mwangu.

Sijui nilifikaje huko. Kwa marehemu! Mbele ya watu ishirini na wanane! Nikakaa. Na yule mama hakufanya kitu. Alisema enhe, basi.

Zoezi, la kuambatanishwa na fomu, mwisho Jumatatu tarehe 17: msikilize mtu mmoja wa nyumbani kwako kwa dakika ishirini. Usishauri. Usimkatize. Usimpe pole kabla hajafika mwisho. Usitumie methali. (Nikauliza hata moja? Hata nusu, akasema, maana tutaimalizia moyoni.) Mwisho yule mtu atie sahihi chini ya maneno haya: "Nimesikilizwa mpaka nimemaliza."

Dakika ishirini. Mimi ambaye nimesimama kwenye foleni za leseni siku nzima!

Jumapili, 9 Machi

Nimefanya mazoezi ya enhe kwenye kioo. Si neno dogo. Ukilikata fupi, enhe!, unamharakisha mtu. Ukilipandisha juu, enhee?, unamshuku. Ukilivuta sana unaonekana umbea unakuwasha. Linatakiwa lishuke taratibu, kichwa kikiinama. Mke wangu akapita mlangoni. Akauliza kama nimevimbiwa.

Nikamwomba yeye awe wa zoezi. Akakaa kitandani, akaanza. Muuguzi mkuu amebadilisha zamu tena. Enhe, nikasema, safi kabisa. Safari hii hata hakuulizwa. Enhe. Na juzi mbele ya wagonjwa akamwambia… Nikamwambia mwandikie barua! Leo hii! Nakala kwa mganga mkuu, na tarehe zote uziweke, maana simba mwenda pole —

Akanyoosha mkono akanionyesha saa. Dakika moja na nusu.

"Na methali juu," akasema. Akajifunika shuka.

Nikamwuliza muuguzi mkuu alimwambia nini. Amesema ameshasahau. Uongo. Anakumbuka mpaka harusi za watu.

Jumatatu, 10 Machi

Siku mbaya. Niandike yote.

Somo la saa nne: Mhasibu. Mama wa makamo, somo lake la sita, kurudi nyuma katikati ya nguzo. Uwanja mtupu. Ameingiza gia ya kurudi nyuma, mguu kwenye klachi, halafu machozi. Wiki ya tatu yuko kwa dada yake. Amemwacha mume. Kila siku mume anapiga simu, anasema nyumba imepooza, arudi.

Hapo nilikuwa na ushauri wa kujaza gari. Lakini nikajiambia: mshauri nasaha hashauri! Nikainamisha kichwa. Enhe, nikasema. Ilishuka taratibu, haijawahi kutoka vizuri vile.

Akafuta macho. Akatazama kioo. Akauliza, "Basi nirudi, mwalimu?"

Nikajisemea usimwamulie, usimwamulie, ndoa ni yake. "Enhe…"

Akarudi. Kwa gia ya nyuma! Alikuwa anauliza gari! Na mimi nimekaa nimefumba macho nusu, uso wa huruma, mguu hauko hata karibu na breki. Mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa. Nguzo ya saruji imesimama pale pale ilipo siku zote. Taa ya nyuma vipande, bampa limebonyea.

Mhasibu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akalala kwenye usukani na honi ikalia. Alipopata pumzi akasema hapana, harudi, ameshajua. Sikumshauri lolote. Namwandikia hapa mwalimu wa enhe, ingawa hatasoma: sikumshauri lolote.

Bosi wangu hakuona uzuri wa jambo hilo. Amenizungukia gari mara tatu. Breki ile, ameuliza, umewekewa pambo? Amesema mpaka mwisho wa mwezi nichague, ama nafundisha ama naguna.

Jumatano, 12 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Leo saa tano, kwenye kilima kile cha kuelekea hospitali. Mwanafunzi wangu anaendesha, mimi pembeni. Mbele yetu gari jekundu, bango la MWANAFUNZI nyuma. Ni wale wa ng'ambo ya barabara, washindani wetu. Likazimika katikati ya kilima. Nikaanza kumwambia mwanafunzi wangu, unaona sasa, hao ndio wanaofundishwa na… Kisha dereva akageuza kichwa.

Kitinda.

Binti yangu! Wa kumzaa! Kwenye gari jekundu! Kikulacho ki nguoni mwako!

Pembeni yake mwalimu wao, yule mnene niliyeanza naye kazi mwaka mmoja. Amekunja mikono. Anatazama nje dirishani, mwenyewe, kama mtu aliye likizo! Mlima ule! Nikakanyaga. Nikakanyaga kwa nguvu mpaka goti likalia. Mwanafunzi wangu akauliza, mwalimu, mbona umetusimamisha, kwani nimekosea?

Kitinda akavuta breki ya mkono. Akawasha. Akatulia, sekunde tatu nne, akasikilizia klachi. Akaachia. Gari halikurudi nyuma hata inchi. Akaondoka zake, na indiketa akaweka.

Vizuri sana. Sikumfundisha mimi hilo.

Kweli niseme. Mwaka juzi nilijaribu, siku moja. Tulifika kituo cha mafuta. Akasimamisha gari vizuri tu, akashuka, akanipa ufunguo, akarudi nyumbani kwa miguu. Nilimwambia kila mtu hakuwa tayari. Kinyozi hajinyoi, nikasema, watu wakacheka, yakaisha. Lakini leo imeniuma. Imeniuma mno.

Alhamisi, 13 Machi

Sijasema kitu. Mezani nimekula nikanyamaza. Kitinda akaniangalia, mama yake akaniangalia. Baada ya chakula mke wangu amenipima joto.

Jumamosi, 15 Machi

Majaribio tena. Waombaji kumi na wanane wameshaleta sahihi. Mmoja amemsikiliza mama mkwe wake! Mimi karatasi tupu. Yule mama mfupi hakunigombeza, ameuliza tu ni kitu gani kigumu. Nikafungua mdomo nimweleze, nikafunga. Nafikiri hilo nalo ni jibu.

Jioni Kitinda akaja uani ninapoosha gari. Akauliza kama ile karatasi yangu ya sahihi bado inatafuta mtu. Nikasema bado. "Basi kesho saa kumi, mama akiwa zamu. Nina jambo, Baba."

Najua ni lipi! Nimeshamsamehe. Nimeandaa uso wa kushangaa (kidogo, usizidi), halafu uso wa kusamehe. Nimevijaribu kwenye kioo, vyote viwili. Kesho napata sahihi yangu, Jumatatu napeleka fomu, na mwisho wa mwezi Bosi atafute mguu mwingine.

Jumapili, 16 Machi

Saa kumi na dakika kumi na nne. Chooni. Nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, daftari gotini. Naandika haraka.

Ameweka simu mezani, saa ya dakika ishirini, akaibonyeza. Akasema kuhusu magari mekundu. Dakika ya pili tu! Enhe, nikasema. Uso wa kushangaa nikausahau kabisa, lakini hakuutafuta. Akasema mama anajua. Enhe. (Mama anajua!!) Akasema alimwomba yule mnene asinitajie. Akasema: "Ukiwa pembeni yangu, Baba, sijui kama naendesha mimi au unaendesha wewe." Alisema hivyo akikunja kona ya kitambaa cha meza. Hakusema kwa ubaya. Nilitaka kumwambia pole na sikumwambia, na hii ndiyo pole ya kwanza maishani mwangu niliyoimeza.

Halafu akatoa leseni. Amefaulu! Ijumaa, mara ya kwanza, kilima na yote. Nikaishika. Picha amekaza macho kama mama yake. Machozi yakanijia, na papo hapo nikataka kumwuliza kama alitazama kioo cha kushoto. Nikajiuma ulimi. Dakika ya tisa, nilikuwa najihesabu mshindi. Nikaanza hata kutafuta kalamu ya sahihi.

Akasema, "Enhe, sasa." Yeye ndiye aliyesema enhe! "Hiyo ilikuwa njia tu, Baba. Leseni niliitaka kwa sababu…"

Akasimama hapo. Akatazama kikombe. Akanitazama. Midomo ikamcheza, na mimi nikaiona methali inapanda, naijua ikianza, inaanzia tumboni, mwenda nini sijui, mtaka nini sijui, ingetoka yoyote ili mradi kimya kile kijazwe. Nikaziba mdomo. Nikasema tumbo. Nikakimbia.

Kama ni kazi ya mbali, nina ushauri. Kama kuna mwanaume, nina ushauri wa siku tatu. Kama anataka kuacha duka la dawa, nilishasema tangu mwanzo, amwone bosi wake saa mbili. Kama anaumwa.

Kama anaumwa sina kitu. Nimetafuta, sina.

Anagonga. Vidole viwili. Anauliza tumbo linaendeleaje. Linaendelea vizuri, nimesema.

Yuko karibu kabisa na mlango, namsikia anavyopumua. Anasema anajua siumwi tumbo. Anasema saa ameisimamisha, na sahihi atanipa hata sasa hivi kama ndiyo ninayoitaka. Lakini hajamaliza. Anasema nisijiandae na jibu. Amekuwa akijaribu kuniambia tangu mwaka jana.

Tangu mwaka jana! Mimi nilikuwa wapi mwaka jana? Nilikuwa hapa hapa nyumbani. Nilikuwa naongea.

Nafungua mlango.