Motokari Isikae Pahali Pamoja

Kasha, Jumapili

Papa Ashuza wangu,

Nyumba nzima inakusalimia. Watoto wako wazima, maharagwe imetoa maua, na motokari yako iko inanguruma ni kama uliiacha jana tu.

Siku ulipanda boti ya kwenda Idjwi, uliniambia niiwashe kila wiki, niisogeze mbele kidogo na nyuma kidogo, mapine ya magurudumu isiharibike kwa kukaa pahali pamoja. Nikasogeza. Mbele mpaka ku jikoni, nyuma mpaka ku choo, kuku wanakimbia. Jirani yetu tonton Alphonse, ule aliendeshaka kamyo ya mizigo, akaniangalia mpaka akachoka. Akasema, "Maman Ashuza, kumbe unaogopa mulango ya kutokea ku barabara?" Akaufungua yeye mwenyewe, akaingia mu motokari, akakaa kando yangu, akaanza kunifundisha.

Papa Ashuza, leo nimefika Bagira na kurudi. Ku mupando mukubwa ya mulima injini haikuzimika hata mara moja. Nilicheka mpaka machozi ikatoka, na tonton naye akacheka, lakini mukono yake ilishika mulango ya motokari kwa nguvu.

Ulisema wiki mbili. Sasa tunaingia ya saba. Jirani Maman Lucie ametoka huko Idjwi, anasema kuko mwanamuke mwenye anakufulia nguo. Sikumuuliza mengine.

Jumamosi boti ikifika, nitakuwa pale ku porti, mimi mwenyewe nikishika volan. Ukishuka peke yako, kiti ya mbele ni yako. Mukishuka wawili, taksi ziko nyingi.

Bibi yako Nsimire,
shoferi