Wa Kumwambia Pole na Safari

Shujaa wa ule mchezo wangu wa kompyuta hakuwa na maji, hakuwa na ramani, hakuwa na buti la pili, wala mtu wa kumwambia pole na safari.

Ndugu yangu, leo nimeaibika. Mashabiki tulikutana kwa simu, kila mmoja ataje anachotamani kwenye sehemu ya pili ya mchezo. Wenzangu wakataka bunduki na miji mikubwa zaidi iliyoteketea.

Mimi nikasema nataka shujaa akirudi kambini, mtu amuulize ameshindaje. Basi.

Mmoja akasema, "Babu, dunia imekwisha, wewe unatafuta mke?"

Eti natafuta mke. Wakacheka wote. Nami nikacheka, nisionekane mnyonge.

Wewe unajua nyumba yangu ilivyo tangu shemeji yako atutoke. Nikizima mchezo, kinachobaki kuongea ni friji.

Sikukubali yaishie hapo. Nimewaandikia watengenezaji wenyewe wa mchezo kuwaomba hilohilo, kurasa mbili kwa mkono, bila kufuta hata neno. Yale masomo yangu ya jioni ya kusoma na kuandika hayakwenda bure.

Bahasha nimeifunga kwa gundi. Karani wa posta ameigonga muhuri mbele yangu, akaitupa kwenye gunia la barua za ng'ambo.